Sura ya Sita: Mti Ambao Hakuna Aliyeupanda

Swali hili nimeulizwa Kisesa, nimeulizwa Nyanguge, na nikaulizwa tena Magu mjini nikiwa nimejikinga barazani kwa watu nasubiri mvua ikatike: kwa nini mapera ya nyumbani kwangu yana funza, na yale ya sokoni hayana? Mama mwenye baraza hiyo akaongeza swali la pili, na hilo ndilo lililonikaa moyoni. "Mwalimu, huu mti niukate tu?"

Alikuwa akiuonyesha mpera wake. Ulisimama nyuma ya jiko, karibu na pale anapomwaga maji ya vyombo, umekwenda juu kiasi cha mita 6, na mapera mazuri yote yalikuwa kileleni ambako hakuna mkono unaofika. Chini yake ardhi ilikuwa ya njano kwa mapera yaliyooza, na harufu yake ilitufikia barazani. Nikamuuliza ni nani aliyeupanda. Akafikiri kidogo, kisha akasema hakuna. Ulijiotea.

Ndivyo ilivyo kwa mipera mingi ya wilaya hii. Ndege hula pera kwa jirani, hutua kwenye wigo wa minyaa, na mbegu anazoziacha huota. Na kwa kuwa hakuna aliyeupanda mti huo, hakuna anayejiona ana wajibu nao. Haumwagiliwi, haupogolewi, mapera yake yaliyoanguka hayaokotwi. Kisha unahukumiwa kwa funza. Mimi nasema mpera umedhulumiwa, na sura hii nimeiandika kuutetea.

## Funza anaingiaje ndani ya pera

Wapo wanaoamini kwamba pera likiiva kupita kiasi hujizalia funza. Halijizalii. Funza ni mtoto wa inzi, na inzi huyo ana jina lake: inzi wa matunda. Ukubwa wake unakaribia ule wa inzi wa jikoni, lakini ni wa kahawia mwenye alama za njano na kiuno kilichobana, hata ukimwona mara moja utadhani ni nyigu mdogo. Afrika ina inzi wake wa asili wa matunda. Lakini anayetusumbua zaidi siku hizi ni mgeni kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuonekana Tanzania muda mfupi baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi, na mpera ni miongoni mwa miti anayoipenda kuliko yote.

Jike hutua juu ya pera linaloanza kulainika, akachoma ganda kwa mkia wake uliochongoka na kupachika mayai ndani. Tundu ni dogo kiasi kwamba huwezi kulitambua bila kulitafuta. Siku mbili hivi baadaye mayai huanguliwa, na funza wakaanza kula kuelekea katikati. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo pera linaanguka lenyewe. Hapo ndipo wengi wetu tunapolikatia tamaa na kuliacha, na hapo ndipo kosa letu kubwa lilipo. Funza hutoka kwenye pera lililoanguka, hujichimbia kwenye udongo sentimita chache tu, na kujifunika gamba dogo linalofanana na punje ya mchele wa kahawia. Siku kama kumi hivi baadaye inzi mpya huruka. Mzunguko mzima huchukua kama mwezi mmoja.

Fikiria basi mpera unaoangusha mapera mwezi mzima bila kuokotwa. Hilo ni zizi la inzi. Na inzi wa pera hakai kwenye pera tu: ifikapo Desemba maembe yanapoanza kuiva, ni haohao wanaohamia kwenye mwembe wako na wa jirani.

Sasa jibu la lile swali la sokoni. Mapera ya sokoni mengi huchumwa yakiwa yamekomaa lakini hayajaiva. Mchuuzi hufanya hivyo kwa sababu zake, maana pera bivu halivumilii safari ya tenga, lakini anapofanya hivyo anamtangulia inzi. Sisi wa nyumbani tunasubiri pera liwe njano na kunukia. Inzi naye anaisubiri harufu hiyohiyo, na yeye ana mabawa.

## Kumshinda inzi bila kununua dawa

Sikushauri kupuliza sumu kwenye mti wa nyumbani ambao watoto wanakula matunda yake wakiwa juu ya matawi. Fanya haya:

- Okota kila pera lililoanguka, kila siku au angalau kila baada ya siku mbili. Usilitupe jalalani. Lifukie kwenye shimo la nusu mita, au litie kwenye mfuko mweusi wa nailoni, ufunge mdomo, uuache juani siku kadhaa. Joto litawaua funza.
- Chuma mapema. Pera likibadilika kutoka kijani kizito kwenda kijani kilichopauka, limekomaa. Liweke ndani, kwenye kapu, na siku chache baadaye litalainika na kunukia.
- Funika mapera unayotaka yaivie mtini.

Hili la mwisho linahitaji maelezo. Huko Thailand na Taiwan, wakulima wa mapera ya biashara huvisha kila tunda mfuko likiwa bado dogo, kama ukubwa wa ndimu, na kulivua siku ya kuchuma. Kwetu huhitaji mfuko wa kununua. Karatasi inatosha: ikunje iwe mfuko, itie pera, funga kwa uzi shingoni kwenye kikonyo. Yule mama wa Magu mjini alijaribu kwa madaftari ya zamani ya mwanawe. Niliporudi nilikuta mti mzima umevaa hesabu za kugawanya, na mengine yana alama nyekundu za mwalimu. Karatasi zilizoloweshwa na mvua alizibadilisha. Alinipasulia mapera matatu mbele yangu, na yote yalikuwa safi hadi kwenye mbegu.

Watu wa pwani wana msaidizi mwingine, yaani wale siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa viota, wanaoitwa maji moto. Wanapojaa kwenye mti, inzi hapati nafasi ya kutua atulie. Ila anayechuma naye hana raha, kwa hiyo mimi huwaachia wenye miti mikubwa.

Kwa kifupi: pera lililoanguka ndilo linalozaa inzi wa mwezi ujao. Ukiokota, umefanya zaidi ya nusu ya kazi.

## Mpera ni ndugu wa nani

Waumini makanisani huniuliza mhadasi ni mti gani, maana wanausoma kwa nabii Isaya, kwa Zekaria, na kwa Nehemia pale watu wanapotumwa mlimani kuleta matawi ya kujengea vibanda vya sikukuu. Malkia Esta naye jina lake la Kiebrania lilikuwa Hadasa, yaani mhadasi. Ni kichaka cha nchi za Bahari ya Kati, kijani mwaka mzima, chenye majani madogo yanayonukia ukiyafikicha na maua meupe yenye nyuzi nyingi katikati.

Huo mhadasi wenyewe huku ziwani hatuna. Ukoo wake tunao, na ni mkubwa. Wataalamu wa mimea huziweka familia za miti pamoja kwa kutazama maua na majani, na ukoo wa mhadasi una alama ambazo hata mtoto anaweza kuzitambua: majani yasiyopukutika, yenye mafuta ya kunukia ndani yake, na ua linaloonekana kama kibrashi cha nyuzi nyeupe. Chukua ua la mpera. Kisha tafuta ua la mzambarau, na la mkaratusi ule uliopandwa kando ya shule. Utaona ni wa ukoo mmoja. Mkarafuu wa Pemba na Unguja nao ni wa humohumo, ila kwake hatungoji ua lifunguke: karafuu ni ua lililochumwa likiwa bado limefumba, likaanikwa juani. Sultani Seyyid Said aliyeeneza mikarafuu Zanzibar katika karne ya 19 na ndege aliyepanda mpera nyuma ya jiko lako walikuwa wakishughulika na ukoo uleule.

Mpera wenyewe si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni Amerika ya joto, kuanzia Meksiko kushuka kusini, na mabaharia wa Kireno na Kihispania ndio walioutawanya duniani. Hata jina tumelipata kwa Wareno. Kwa Kireno, "pera" ni tunda jingine kabisa, lile la nchi za baridi lenye umbo la kibuyu kidogo, na waliliona hili letu likafanana nalo. Neno limekaa kwetu pamoja na meza, leso na bendera, na leo hakuna Msukuma wala Mswahili anayelihisi kuwa geni.

## Pera moja lina nini

Gramu 100 za pera zina vitamini C ya miligramu zaidi ya 200. Chungwa la uzito huohuo lina miligramu 50 na ushee. Vitamini C ndiyo inayosaidia kidonda kupona, fizi zisitoke damu, na mwili uchukue madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mchicha. Mtu mzima anahitaji miligramu chini ya 100 kwa siku. Kwa hiyo pera moja la wastani, lile ambalo mtoto analila akitoka shule, linamtosheleza kwa siku nzima. Ninapowaona wazazi wakinunua juisi ya paketi dukani ilhali mapera yanaoza nyuma ya nyumba, roho huniuma.

Lipo swali linalowafanya wazazi wengine kuwakataza watoto mapera: je, mbegu zake zinaleta kidole tumbo? Kidole tumbo ni kimfuko kidogo kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, na huvimba pale mdomo wake unapoziba. Mara nyingi kinachoziba ni kinyesi kilichokauka au uvimbe wa kuta za kimfuko chenyewe. Mbegu ya tunda kukutwa humo ni jambo la nadra mno. Mtu akila mapera mabichi mengi kwa mkupuo atafunga choo na tumbo litamuuma, hilo ni kweli, na huenda ndiko hofu hii ilikozaliwa. Basi ale yaliyoiva, tena kwa kiasi.

Majani nayo yana kazi. Bibi zetu huchemsha majani machanga ya mpera kwa mtu anayeharisha, na wana sababu: majani hayo yana tanini, ile dutu inayokaza ulimi unapotafuna pera bichi, na hukaza utumbo vilevile. Lakini hapa nasema kwa msisitizo wote nilionao. Anachouawa nacho mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji. Maji ya majani ya mpera hayarudishi chumvi zilizopotea. Mpe kwanza ORS, mpeleke zahanati akapate na zinki, na kama macho yamedidimia au hakojoi, usingoje asubuhi.

Kwa mapera yaliyolainika sana, tengeneza jamu. Pera limejaa pektini, yaani ute unaogandisha jamu wenyewe, ndiyo maana huhitaji kitu cha dukani isipokuwa sukari. Katakata mapera, yafunike kwa maji, yachemshe mpaka yapondeke, kisha chuja kwa kitambaa safi. Kwa kila kikombe cha maji hayo tia kikombe cha sukari na ndimu kidogo, rudisha motoni uwe unakoroga. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likikaa bila kutiririka, ipua. Joto hilo huondoa sehemu ya vitamini C, lakini jamu iliyofungwa vizuri kwenye chupa iliyochemshwa itakaa hadi msimu wa mapera uwe umepita zamani.

## Uupande wapi

Wasukuma wana majina ya udongo ambayo hata wataalamu wa serikali wameyaandika kwenye ramani zao, kwa kuwa yanaeleza nchi ilivyo kutoka kwenye majabali ya juu hadi bondeni. Juu karibu na mawe kuna kichanga, luseni. Ukishuka unakuta itogolo, udongo unaokauka ukawa kama sakafu. Chini kabisa ni mbuga, ule udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, ambako watu hulima mpunga kwenye majaruba.

Mpera unakubali karibu popote, na hiyo ndiyo sifa yake, lakini kukubali si kustawi. Kwenye luseni unapenda, ila una njaa, kwa hiyo unataka samadi. Kwenye itogolo chimba shimo pana hadi uvunje lile tabaka gumu, la sivyo mizizi itazunguka kama iko kwenye chungu. Mbugani utastahimili maji kwa muda, lakini mimi ningeutafutia mahali palipoinuka au ningeutengenezea tuta.

Shimo liwe la sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke peke yake, uchanganye na debe moja la samadi ya zizini iliyooza vizuri, kisha urudishie. Samadi mbichi huita mchwa na kuunguza mizizi. Panda mvua za vuli zikishashika, Novemba hivi, ili mche upate miezi ya kutosha kabla ya kiangazi cha Juni hadi Septemba. Kiangazi hicho cha kwanza ndicho cha hatari: ndoo moja, mara mbili kwa wiki, na matandazo ya majani au pumba za mpunga kuzunguka shina bila kuligusa. Kati ya mti na mti acha mita 5.

Mbegu za pera tamu si lazima zizae pera tamu, na mti wa mbegu utakungojesha miaka mitatu au minne. Ukitaka mti unaofanana na mama yake, nunua mche uliobebeshwa, au otesha mizizi kwenye tawi likiwa bado mtini. Chagua tawi lenye unene wa kalamu ya risasi au zaidi kidogo. Menya pete ya ganda yenye upana wa sentimita 3, ukwangue utelezi wake. Zungushia udongo laini uliolowa, funika kwa nailoni, funga juu na chini kama peremende. Baada ya miezi miwili au zaidi utaona mizizi myeupe imejaa kwenye nailoni. Kata chini yake, uweke kwenye kiroba kivulini mwezi mmoja, kisha peleka shambani. Mti wa namna hii unaweza kuanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Jambo moja la kuangalia: mpera ukiachwa bila mwenyewe huvamia. Visiwa vya Hawaii na Galápagos vinauhesabu kuwa gugu. Hata hivyo si ubaya mtupu. Watafiti waliochunguza mipera ya mashambani karibu na msitu wa Kakamega, Kenya, walikuta chini yake miche ya miti ya msituni ikiota, kwa kuwa ndege wanaofuata mapera huja na mbegu za huko walikotoka. Ukiona chini ya mpera wako mche usioujua, usiung'oe haraka.

## Mkasi, msumeno na mpini

Nimeliweka hili mwisho kwa kuwa ndilo watu hawalitendi. Mpera huzaa kwenye vichipukizi vipya. Tawi lisilochipua upya halitoi ua. Kwa hiyo kuupogolea, yaani kuupunguza matawi, ndiko kunakouzalisha. Mche ukifika kiunoni kwako kata ncha yake, uache matawi matatu au manne yaliyoelekea pande tofauti yawe mikono ya mti. Kila msimu wa kuvuna ukiisha, fupisha matawi yaliyozaa, ondoa yanayosuguana na yaliyokufa, na ng'oa machipukizi ya shinani. Mti usizidi mita mbili na nusu. Hapo utafikia kila pera kwa mkono, utaliona, utalifunika, na hakuna mtoto atakayeanguka.

Ule mpera wa nyuma ya jiko hatukuukata. Tuliufupisha hadi kimo cha dirisha, mwisho wa mavuno, kwa msumeno, tukapaka kinyesi cha ng'ombe na majivu kwenye majeraha makubwa kama wazee wanavyofanya. Kwa wiki kadhaa ulionekana kama nguzo, na majirani walisema umekufa. Mvua zilipoanza ukachipua kila upande, majani ya rangi ya shaba.

Mbao zake hazikuchomwa zote. Mpera una mti mgumu usiokatika upesi ukipindwa, na ndiyo maana watoto wote wa kanda hii wanajua panda ya manati hutafutwa wapi. Tuliyachagua matawi manne yaliyonyooka, tukayamenya ganda na kuyaegesha ndani ya stoo, kivulini, yakauke taratibu yasipasuke. Mawili yakawa mipini ya majembe ya kulimia msimu uliofuata, na moja akalichukua fundi wa mitumbwi wa Lugeye, aliyekuja kununua mapera akaondoka na mpini wa tezo.